Maboga juu ya Bati

Kanyange aliolewa kwao milimani, Kirolirwe, mwaka wa 1952, na kabla ya mvua kuisha akateremka na mume wake mpaka kambi moja ya mgodi huko Walikale. Kwao alizoea kukama ng'ombe wa baba yake huku umande ukimlowesha miguu. Kambini kampuni ilikuwa imekata pori lote, eti mbu wasikae karibu, na juu ya udongo mwekundu zilisimama nyumba za matofali, mistari kwa mistari, zote zimeezekwa bati.

Mume wake, Barthélemy Sebahire, ndiye fundi mbao aliyeziezeka. Alimwonyesha nyumba yao kwa furaha, akaligonga bati kwa nyundo ili mkewe asikie lilivyo gumu. Kanyange naye alifurahi. Ilikuwa bado asubuhi.

Jua lilipopanda, bati lilianza kulialia na joto likashuka kama la tanuri. Siagi aliyopewa na mama yake iliyeyuka ndani ya kibuyu. Alitoka nje asione hata mti mmoja. Jirani zake walikuwa wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakizungumza Kinyanga, lugha asiyoijua. Walimsalimu kwa Kiswahili, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Jioni alimweleza mume wake habari ya joto. Sebahire alisema kwamba kwao watu wanalala chini ya nyasi zinazovuja, na hapa yeye amepewa bati. Kanyange hakulizungumzia tena. Mwaka uliofuata akazaa mtoto wa kike, Françoise, na Sebahire akapelekwa kujenga mstari mwingine, mbali, akawa anarudi mara chache.

Mtoto alijaa vipele vya joto shingoni na mgongoni. Alilia kila mchana mpaka sauti ikamkauka. Siku moja Kanyange alimbeba akavuka mto, bila kujua anaenda wapi, akafika kwa Mama Elisabeth, mjane aliyeuza ndizi kambini. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeezekwa majani mapana ya porini, na miti ilikuwa imesimama juu yake. Ndani kulikuwa baridi. Françoise alinyamaza, akalala. Kanyange alikaa pale mlangoni akalia kimya, na yule mama akamwacha alie.

Kanyange alirudi kambini na mzigo wa majani yale, akayatandika juu ya bati. Kesho yake mzungu aliyesimamia kambi akaamuru yaondolewe, kwa kuwa majani yanashika moto na yanaleta panya. Kanyange aliyaondoa mwenyewe. Mama Elisabeth alipopata habari, alimuuliza kama mzungu amekataza pia chakula. Hakuwa amekataza. Basi akampa machipukizi ya migomba na mbegu za maboga.

Migomba aliipanda upande wa machweo, ambako jua la alasiri lilichoma ukuta. Maboga aliyapanda pembeni mwa nyumba na kuyapandisha kwa kamba. Mashina yaliparamia bati, lakini machipukizi yaliyoligusa mchana yaliungua. Kila jioni aliyakata yaliyokufa, akamwagilia, akazungumza na mtoto kwa Kinyarwanda, kwani hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Sebahire alirudi bila taarifa, Jumapili moja kabla ya saa sita mchana. Aliona majani ya maboga juu ya bati lake, akasimama akiyatazama. Kanyange alingoja ugomvi. Mume wake aliingia ndani, akakaa kitandani, na jasho likaanza kumtiririka usoni.

“Mama Françoise,” alisema, “nilijenga hizi nyumba zote, lakini sikukalaka ndani yake saa sita.”

“Sisi njo tunakalaka,” Kanyange alimjibu, akimwonyesha mtoto.

Sebahire alitoka nje. Alikwenda kukata fito, akatengeneza uchanja juu ya bati, umeinuliwa kiasi cha mkono kupita, ili upepo upite katikati na majani yasiungue. Alifanya kazi mpaka jioni, na Kanyange akimpa kamba. Walizungumza siku ile kuliko mwaka mzima.

Kabla ya kuondoka, Sebahire alimwomba mzungu aache miti kidogo kwenye mstari mpya. Alikataliwa. Akaenda kuziezeka nyumba zile kwenye udongo mtupu, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kanyange alitaka kufuatana naye. Sebahire alimwambia angoje, kule mtoto atateseka.

Maboga yalifunika uchanja wote, migomba ikapita urefu wa ukuta. Vipele vya Françoise vikapona. Jirani wawili walikuja kuomba mbegu, akawapa. Sebahire alikuja Pasaka, kisha hakuja tena mpaka mvua nyingine. Wakati mabati ya wengine yakilia, nyumba ya Kanyange ilikuwa kimya na baridi. Alimlaza mtoto upande wa ukutani, akajinyoosha kando yake, na nafasi iliyobaki kitandani ilikuwa kubwa.