Mfuko wa Shati Uliochanika

Aliyemuua mwanawe hajulikani, lakini kesi imetatuliwa. Hebu niambie, hiyo ni akili gani? Mama wa marehemu, fundi cherehani, aliuliza hivyohivyo mbele ya meza ya mpelelezi, na mpelelezi, mtu mpole asiyependa kutazamana na watu, akamweleza taratibu. Hapa akikamatwa mtu tu, faili linagongwa muhuri wa IMETATULIWA. Yule aliyekamatwa aliachiwa baada ya wiki mbili, kumbe siku ya mauaji alikuwa amelazwa hospitali. Muhuri haukufutwa. Ndiyo maana redio inatamba kwamba sisi tunatatua mauaji tisa kati ya kumi, nchi jirani matano tu. Dada yake fundi, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, alimwambia kwao kesi haihesabiwi kuwa imetatuliwa mpaka hakimu ahukumu.

Redio na itambe. Fundi shida yake ilikuwa moja: mfuko wa shati. Marehemu alikutwa ameukamata mkononi, umenyofolewa kwenye shati la mtu mwingine. Aliuona mara moja tu, ndani ya bahasha, macho yamejaa machozi. Sasa alitaka autazame sawasawa. Ana miaka thelathini kwenye cherehani. Mshono wa kila fundi wa mtaa anaujua kama mwandiko. Fundi akijulikana, mwenye shati hana pa kujificha.

Mpelelezi akasema faili lililofungwa halifunguliwi ila kwa ushahidi mpya, na vielelezo vyake vinachomwa kesho. Labda ndugu avichukue, asaini.

Jamani, angefanya nini? Akasaini, bahasha ikaletwa kutoka ghala la vielelezo. Akaipasua bahasha palepale, akaugeuza mfuko ndani nje, akaona uzi wa buluu uliorudiwa mara tatu kwenye kona. Anayeshona hivyo ni mmoja tu, rafiki yake wa duka la pili, na vipimo vya wateja wake wote huviandika daftarini.

"Ushahidi mpya huu hapa, baba," alisema. "Andika."

Mpelelezi aliitazama bahasha iliyopasuka, akaitazama sahihi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama machoni.

"Mama, kikishatoka ghalani si kielelezo tena. Mahakamani watasema umeushona wewe."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo kabla hajasaini. Aliurudisha mfuko ndani, akazibana kingo za bahasha kwa vidole, zikaachia, akazibana tena.

"Nipe gundi," alisema. "Nipe gundi, baba, niifunge kama ilivyokuwa."