Shibiri Moja Juu ya Ardhi ya Lionja

Jumanne asubuhi Teodosia alifunga gesi, akasubiri bomba la chuma lipoe, kisha akaligongagonga juu ya ungo. Vikadondoka vidonge vya udongo, kila kimoja kimevaa vumbi jeusi, laini kama kinywe, madini ya penseli, kinachochimbwa Ruangwa.

Alikuwa ametunza maabara ya sekondari moja ya huko Ruangwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alirudi kwao Lionja, akachimba shimo la samadi ya ng'ombe wake wanne, akapata gesi. Gesi ya samadi alijua ni kaboni iliyoshikana na haidrojeni, naye alitaka haidrojeni peke yake, kwa sababu ikiwaka haitoi moshi wala masizi. Basi akaokota mawe ya kijani ya kilima kilicho nyuma ya mikorosho yake, akayayeyusha kwa asidi ya betri, akapata nikeli, ambayo ikipashwa moto huzitenganisha. Nikeli tupu ikipata moto hujikusanya donge ikachoka. Kwa hiyo alivinywesha nikeli hiyo vidonge vya udongo wa wafinyanzi, akavichoma. Udongo ulishika kila chembe mahali pake. Gesi ilipopita kwenye bomba lililoiva, kaboni ilibaki kwenye vidonge, haidrojeni ikaenda jikoni.

Jumanne hiyo alipoinuka kutoka ungoni, miguu yake haikurudi chini. Ilibaki juu kiasi cha shibiri moja. Jirani yake Rabia, ambaye walikuwa wakipika na kula pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alimtazama, akasema ufagio sasa utahitaji mpini mrefu. Alhamisi Rabia naye akainuka. Mwisho wa mwezi jiko na nyumba zote mbili zilikuwa zimepanda, na mtu aliweza kupitisha mkono chini ya kizingiti.

Kampuni ya madini iliyokitaka kilima kile ilimleta mthamini wa fidia, Fortunatus, aliyewahi kusoma sekondari ile ile. Teodosia ndiye aliyemfundisha kushika neli ya majaribio bila kutetemeka. Alimsalimia shikamoo, akapiga goti, akapima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye kisigino cha Teodosia. Akaandika.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Kwamba hakuna mkazi, mama. Fomu inamhesabu anayekanyaga ardhi."

"Andika nipo."

Fortunatus aliitafuta nafasi ya neno hilo kwenye fomu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Haikuwepo. Aliomba radhi, na alikuwa anamaanisha.

Jioni alikuja Titus, mtendaji wa kijiji. Alieleza kwamba amewauliza watu wa kampuni, nao wamekubali kurudi baada ya wiki mbili. Akawashauri akina mama hao wapikie kuni siku hizo, washuke, wahesabiwe, kisha waendelee na mambo yao. Teodosia alikoroga mboga kwanza.

"Mama yangu alikufa haoni kwa ajili ya moshi," alisema. "Mimi jicho moja limeshakwenda. Sirudi kwenye moshi ili watu wenye macho mawili wanione."

Titus alikula, akashukuru, akaondoka na viatu mkononi, maana tayari nyayo zake zilikuwa zimeanza kuinuka na vilikuwa vinampwaya.

Teodosia alipanda basi kwenda Ruangwa, kwenye ofisi ya kampuni, amejifunga kwenye kiti kwa kanga. Aliweka kidonge kimoja mezani, akawaeleza kwamba nikeli wanayoifuata hufanya kazi ikishikwa na udongo, na kwamba yeye na Rabia ndio wanaojua udongo upi. Walimsikiliza vizuri, wakampa maji ya kunywa. Kisha wakamwonyesha ramani. Mahali pa nyumba yake pameandikwa pori.

Alirudi. Akafundisha kaya kumi na moja kutengeneza vidonge, na zote zikapanda.

Mitambo ilifika baada ya mvua. Mikorosho iling'olewa kwa siku mbili, na Teodosia aliilia mmoja mmoja, kwa majina ya watu waliomsaidia kuipanda. Ng'ombe walihamishiwa Kiegei kwa kaka yake Rabia, na samadi ikawa inaletwa kwa pikipiki. Kilima kilikatwa. Ardhi iliondoka kutoka shibiri moja chini yao, ikawa futi kumi, ikawa shimo ambalo mtu akidondosha kijiko hasikii kikifika. Nyumba kumi na tatu zilibaki pale pale zilipokuwa, na watu wakatandika mbao kati ya mlango na mlango ili watembeleane.

Hakuna aliyewalipa, wala aliyewafukuza. Kwenye karatasi hawakuwepo.

Siku moja, saa sita mchana, dereva wa mtambo, Bonifasi, alisimamisha mashine na kupaza sauti kwa adabu. Mkono wa mtambo ulikuwa unakaribia jiko. Aliomba wasogee kidogo ili apite.

Teodosia alichungulia, mwiko mkononi.

"Pita chini," akasema. "Sisi hapa ni kwetu."

Bonifasi akainamisha mkono wa mtambo, akapita.