Chumvi ya Katwe na Mistari Miwili Myekundu

Binti yangu Hadassa anafundisha fizikia hapa Butembo. Mwaka mzima alitengeneza, juu ya meza yetu ya kulia, chombo kisichozidi sanduku la viatu. Kilikuwa cha kufungwa nyuma ya darubini kubwa ya Afrika Kusini, kitazame gesi inayowaka ndani ya galaksi jirani. Kila gesi ikiwaka, aliniambia, inatoa mistari ya rangi iliyo yake peke yake. Chombo kinapasua mwanga, mistari inaonekana. Donc unajua kilichoko huko bila kufika. Nilipenda hilo. Wakubwa wetu wa serikali wanafika Beni, penye vita, kwa ndege na wanarudi hawajaona kitu.

Picha ya jaribio ilitakiwa Ijumaa. Ikiharibika, nafasi inapewa chombo cha wengine. Alhamisi asubuhi Hadassa alifunga madirisha, akawasha alkoli katika kisahani, akanyunyizia chumvi. Chumvi ikiungua inatoa mwanga wa manjano, mstari mmoja. Kwenye kompyuta ulitokea huo wa manjano, na pembeni kabisa miwili myekundu ambayo hakuna aliyeiita.

Alilegeza skrubu zote, akapangusa kioo kinachopasua mwanga, akarudia. Miwili ile ile. Mara nne. Mchana alikaa chini, akaanza kuandika barua ya kujitoa: kioo lazima kina ufa usioonekana, na kingine hapa hakipatikani. Nilitafuta wa kulaumu. Orodha yangu ni ndefu, mais safari hii haikunisaidia.

Mama yangu, Kanyere, alikuja na maharagi, akamkuta mjukuu analia. Akatazama kisahani.

“Ulitia chumvi gani humu?”

“Ya mu jiko, koko. Ile ya mu kopo.”

“Ile yangu?”

Mama hapikii chumvi ya paketi. Yake ni ya kijivu, ya vibonge, kutoka ziwa la Katwe, ng’ambo ya mpaka wa Kasindi. Anasema ndiyo inayolainisha maharagi. Marehemu baba aliibeba mgongoni, hadi siku askari walipomnyang’anya mzigo kwenye kizuizi. Jina la kamanda wao ninalo hadi leo.

Hadassa alionja kibonge, akakuta uchungu ambao chumvi ya paketi haina. Polepole akasema chumvi hii ina potasiamu ndani, na potasiamu ndiyo yenye mistari miwili myekundu. Nilikimbia dukani kwa Syauswa kununua paketi. Tukawasha tena: manjano peke yake.

Nilimwambia atume picha hiyo tu, wasije wakatucheka. Alikataa. Alituma zote mbili, na chini ya ile ya kwanza akaandika chumvi imetoka wapi, na jina la bibi yake.

“Basi chombo hakina kosa,” mama alisema. “Kilionja muzuri.”

Jumatatu jibu lilikuja: kitumwe. Mama akaomba kibonge kimoja kiende nacho. Hadassa, asiyeniruhusu hata kupumua karibu na kile kioo, alitafuta kitambaa safi, akakifunga kibonge mara tatu, akakiweka kwenye kona ya sanduku la kusafirishia chombo.