Chupa Tupu za Mafuta ya Lozi

Alasiri, mjazaji wa mafuta alifuta kioo cha dirisha la duka kwa gazeti lililoloweshwa, akapanga chupa, akafungua. Kulia walijipanga walio hai, wakisukumana kama kawaida yao. Kushoto walijipanga marehemu, kila mmoja na chupa yake tupu. Wa kwanza alikuwa kinyozi, aliyefariki asubuhi ile. Povu la kunyolea lilikuwa bado kwenye vidole vyake.

"Nimerudisha chupa," alisema.

"Pole, kaka," mjazaji alijibu, akaipokea.

Ndivyo ilivyokuwa. Habari za msiba zilifika dirishani kabla hazijafika nyumbani kwa mfiwa.

Tajiri, mwenye duka, aliwapenda marehemu. Hawakuwa na maneno mengi wala hawakuruka foleni. Walio hai wangejifunza adabu kwao. Chupa nzuri zilikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo zao zilioshwa kwa maji ya moto, zikajazwa tena, zikauzwa upande wa kulia.

Na mafuta yenyewe, jamani, usipime! Harufu ya lozi chungu ilisikika mpaka kituo cha basi. Yalilainisha misuli, yalituliza kichwa, yalileta usingizi. Tone moja kwenye keki, mawili kwenye sabuni, kiganja kizima kwa mgongo. Enzi za baba yake tajiri, yakishatoka kwenye mvuke yalitikiswa na chokaa na chumvi ya chuma, yakaachwa yatulie mpaka sumu ya lozi iishe. Lakini yakitulizwa harufu hufifia, na wateja walinung'unika. Tajiri akaacha. Tena, kwa ukarimu wake, matone ya kwanza ya kila chungu, yale makali kuliko yote, aliwagawia wafanyakazi wawapelekee ndugu zao.

Mjazaji alimpelekea mdogo wake, mshonaji, ambaye cherehani ilikuwa imemkunja mgongo. Hiyo ilikuwa kabla marehemu hawajaanza kuja. Tangu waanze, kila alasiri alifungua dirisha roho ikiwa mkononi, macho yakikimbilia kushoto kumtafuta mtu mmoja. Asipomwona, alishusha pumzi na kumwomba Mungu asimwone na kesho. Aliogopa, aliogopa vibaya sana, hata akawa anamwaga mafuta nje ya chupa.

Jioni moja akaenda kwa mdogo wake, akayamimina chooni yote aliyompelekea.

"Dada! Umerukwa na akili?"

"Yanaua hayo."

"Nani asiyejua? Lakini nisipoinama sishoni, na nisiposhona watoto watakula mkasi?"

"Nitakukanda mwenyewe. Kwa mafuta ya kupikia."

Mdogo mtu akacheka. "Ninukie vitunguu kitandani! Haya, kanda."

Akamkanda jioni ile na jioni zilizofuata. Halafu akajipa moyo, akamwendea tajiri.

"Tajiri, tuyatulize kwanza, kama zamani."

"Mama, hizo foleni huzioni zilivyo ndefu?" tajiri alisema. "Zote mbili?"

Siku ya mapumziko ya mjazaji, mshonaji alikuja mwenyewe dirishani, upande wa kulia, akanunua chupa. Alikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, na mafuta ya kupikia hayakuwa yakifika kwenye mfupa.

Siku mbili tatu baadaye, mjazaji alifungua dirisha, na nyuma ya muuza magazeti, upande wa kushoto, alimwona mdogo wake, utepe wa kupimia shingoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," mjazaji aliitikia, kwa mazoea tu. Akashika ukingo wa dirisha. "Mgongo je?"

"Hauumi tena. Ona nilivyonyooka."

Kweli alikuwa amenyooka, kama alivyokuwa msichana.

Tajiri alisikia, akapiga makofi. "Maneno si hayo!"

Mjazaji alilia kwa sauti. Marehemu walimngoja kimya. Walio hai wakagonga kioo: mvua inakuja, dada, tuhudumie. Akaipokea chupa ya mdogo wake, akaiosha, akaijaza.

Wiki iliyofuata zilikuja lebo mpya: MGONGO HAUUMI TENA. Mjazaji alizibandika kwa uangalifu zisiende upande. Mwanamke mmoja aliyejishika kiuno akaisoma ya kwake mara mbili.

"Kweli, mama, hauumi tena?"

Tajiri alikuwa amesimama nyuma ya mjazaji.

"Kweli," mjazaji alisema. "Mdogo wangu aliniambia mwenyewe."