Kalinga, Nyuma ya Steringi

Saa ya tamthilia ilipofika, Benedicta alikuwa sebuleni anamenya viazi, beseni la maji mbele yake, king'amuzi kimeshawashwa. Nje, ukungu wa Mafinga ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Kwenye runinga, binti wa tajiri wa Kituruki alikuwa anamwambia mama yake, kwa Kiswahili safi alichotiwa na watafsiri, kwamba hataolewa na mtu asiyempenda. Nyuma yao kulikuwa na dirisha kubwa, na nje ya dirisha hilo akapita Kalinga, mume wa Benedicta, amebeba ubao begani.

Alikuwa amevaa sweta lake la kijani na buti za kazini. Walikuwa wamemzika baada ya Pasaka.

Benedicta alimaliza kiazi alichokuwa amekishika, akakitumbukiza majini.

"Mama," alisema binti yao Goodness, aliyekuwa mezani na kazi zake za shule, "yule si baba?"

"Ndiye."

"Anafanya nini Uturuki?"

"Si unaona anabeba mbao."

Kalinga alipenda filamu kuliko mpira. Walipokuwa wachumba alikuwa akimpeleka Benedicta kwenye banda la video la Muhidini, nyuma ya stendi, wakakaa kwenye benchi huku mtafsiri akifoka kwa Kiswahili juu ya sauti za Kichina. Watu wote walimtazama steringi, shujaa wa filamu. Kalinga aliwatazama walio nyuma yake: anayefagia uwanja, anayeuza tambi, wale wanaopigwa teke moja wakaanguka wasionekane tena. "Wale nao waliamka asubuhi wakanywa chai," alimwambia Benedicta wakirudi. Ndoa ilipokolea, Benedicta naye akaambukizwa. Ukimuuliza filamu ilihusu nini, hakuweza kukusimulia, ila aliweza kukwambia nani alikuwa amebeba maji.

Basi, tangu jioni ile ya viazi, Kalinga akawa haonekani kwa Waturuki peke yao. Kwa Wakorea alizoa theluji. Kwenye filamu moja ya polisi wa Marekani, magari yalipolipuka barabarani, alisogea pembeni na ubao wake, akangoja moshi upungue, akavuka. Nusrat, mke wa Muhidini, alikuwa akipita kumpa Benedicta habari.

"Mama Goodness, leo yuko kwenye ya Kihindi. Anapanga viti vya harusi."

"Anaonekanaje?"

"Amekonda kidogo. Lakini kazi anafanya."

Mji ulimzoea. Bandani kwa Muhidini vijana walimwamkia kwa Kihehe kila alipopita, "Kamwene, baba," kisha wakarudi kwa steringi. Benedicta hakuudhika mumewe kuonekana. Kilichomkaa rohoni ni kwamba hajawahi kumwona ameketi.

Kalinga alikuwa amefia kazini, kwenye kiwanda cha mbao, na kiwanda kilikana. Pikapu ya kiwanda ilimleta amefunikwa turubai, na meneja, Brayson, akasema ameokotwa kando ya barabara. Eti siku hiyo hakufika kazini. Benedicta mwenyewe ndiye aliyemfungia chakula alfajiri. Obeid, aliyekuwa akishusha magogo pamoja na Kalinga miaka yote, alisimama karibu na pikapu anatazama viatu vyake. Benedicta alipomuuliza, alijibu, "Mimi nilikuwa nimeenda chooni, shemeji." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale nyumbani.

Ikafika sehemu ya tamthilia ambayo binti wa tajiri anaolewa. Bibi harusi alikaa kwenye ngazi za jumba, analia. Nyuma yake, bustanini, lori la magogo ya misonobari lilirudi kinyumenyume, na Kalinga alikuwa akiliongoza kwa mkono. Mnyororo ukakatika. Magogo yakashuka. Brayson akaja na kofia yake ya kazi, akatazama, akaagiza turubai. Obeid alimshika Kalinga miguu. Bibi harusi aliendelea kulia kwa mambo yake.

Goodness aliweka kalamu chini. Benedicta alimvuta karibu, wakatazama mpaka matangazo.

Mafinga nzima iliona. Asubuhi Brayson alikuja na sukari na mafuta ya kupikia, akavua kofia mlangoni.

"Mama Goodness, jana nimeona. Hata watoto wangu wameona. Pole sana."

"Kwa hiyo alikuwa kazini."

"Ile ni tamthilia, mama. Kampuni haiwezi kufuata mambo ya tamthilia."

"Na wewe uliyekuwemo?"

Brayson alifikiri. "Nilionekana," alisema, akaweka mfuko juu ya kiti.

Benedicta aliirudia sehemu ile wakati wa marudio, akairekodi kwa simu, akapanda basi kwenda Iringa, kwenye ofisi moja inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu. Aliitazama video mara mbili, akaongeza mwanga wa simu.

"Ni yeye," alisema. "Mke wangu anamfahamu. Anamwita bwana mbao."

"Basi umeona alivyokufa."

"Nimeona, mama, wala sibishi. Shida ni mahali. Hapo ni Uturuki. Sisi madaraka yetu yanaishia mpakani."

Alimrudishia simu kwa mikono miwili na kumsindikiza hadi getini.

Benedicta alirudi Mafinga, akaendelea na maisha. Alishona, alilima kishamba chake, alimsomesha Goodness. Jioni aliwasha runinga. Kalinga akipita, alimwambia yaliyotokea mchana, kwa ufupi, kwa sababu hakuwahi kukaa muda mrefu kwenye picha.

Siku moja mvua ilianza mapema, naye akawasha runinga mchana akiwa anakunja nguo. Ilikuwa filamu ya mapenzi, sijui ya nchi gani. Wapenzi walikuwa wamesimama darajani. Nyuma yao Kalinga akatokea na boriti ndefu, nene, na kwa mara ya kwanza hakuwa peke yake. Ncha ya pili ilikuwa begani kwa Obeid. Walikuwa wanakwenda hatua moja, kama watu waliozoeana.

Benedicta alizima runinga. Alijifunga kanga, akachukua mwavuli, akashuka mpaka kwa Evarista, mke wa Obeid. Alimkuta barazani anapukuchua mahindi, redio ya betri inaimba.

"Karibu, Mama Goodness. Mbona na mvua hii? Obeid bado yuko kazini."

"Umewasha runinga leo?"

"Umeme umekatika huku kwetu tangu asubuhi."

Benedicta aliufunga mwavuli, akavuta kigoda karibu kabisa na cha mwenzake, magoti yakagusana. Alichukua gunzi, akaanza kupukuchua. Alikuwa akitafuta pa kuanzia, na sauti ya pikapu ya kiwanda ilikuwa bado mbali, upande wa barabara kuu.