Shikamoo ya Rais

Rais alipotangaza kugombea tena, alisema ana miaka sabini na mmoja. Kinyozi, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa na sabini na minne. Aliisikia habari hiyo redioni, wembe ukamsimama mkononi, mteja akabaki na povu shavuni.

Sheria ilimkataza aliyevuka sabini na mitano kugombea, na kaka mtu alishavuka zamani. Lakini kinyozi hakuchomwa na sheria, alichomwa na shikamoo. Tangu ajue kusema alikuwa akimwamkia yule bwana na kumwachia paja la kuku, kwa kuwa tu yeye ni mdogo. Leo anaambiwa ndiye mkubwa!

"Akubali ni kaka yangu, au anirudishie shikamoo zangu," alimwambia mkewe, akafunga kibanda, akaenda mahakamani.

"Mzee, umewahi mno," karani alimwambia. "Hajateuliwa bado, utapinga nini?"

Alirudi baada ya uteuzi.

"Ah, umechelewa. Muda wa kupinga uliisha jana."

"Si kateuliwa juzi?"

"Ndiyo maana uliisha jana."

Alirudi baada ya Rais kuapishwa.

"Sasa ana kinga, mzee. Rais hashitakiwi akiwa madarakani."

"Na akitoka?"

"Akitoka si rais tena. Utampinga kwa lipi?"

Karani alisema kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Kinyozi alitamani kumnyoa nusu kichwa amwache hivyo hivyo.

Kitindamimba wa kinyozi alipoolewa, Rais alikuja na wapiga picha wake. Alikuwa baba mkubwa wa bibi harusi, au baba mdogo, inategemea unamuuliza nani. Akasimama mbele ya kinyozi, akangoja kuamkiwa kama siku zote. Kinyozi akafumba mdomo. Ukumbi ukanyamaza, kamera zikasogea. Kudai shikamoo pale kulikuwa kukiri umri mbele ya nchi nzima, na Rais alilijua hilo.

"Shikamoo, kaka," Rais akasema hatimaye, shingo upande.

"Marahaba, mdogo wangu!"

Watu wakapiga makofi. Roho ya kinyozi ikasuuzika, akacheza mpaka viatu vikambana.

Nyumbani mkewe alimkuta kakaa kitandani, kajiinamia.

"Umenuna nini tena? Si umeshinda?"

"Nimeshinda," alisema. "Ila wazee wetu wote walishaondoka. Alikuwa kabaki yeye tu wa kuniita mdogo wangu."