Uwanja Mmoja, Saa Ileile

Aikande alitoka kituo cha polisi, Moshi mjini, akiwa amevimba kwa hasira. Barua yake ya kutaka kufanya mkutano wa hadhara kijijini kwao, Old Moshi, haikukataliwa. Ilikwama tu.

"Mama, kuna chama kingine kimeomba uwanja huohuo, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo," mkuu wa polisi alikuwa amemwambia kwa upole. "Nikiwaruhusu wote, vurugu nitakuwa nimeileta mwenyewe. Kapataneni kwanza."

"Aliyeomba ni nani, afande?"

"Mzee Aminieli."

Nusura Aikande acheke. Aminieli ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe Kornel, na migomba yao inapakana. Huo mkutano wake angehutubia nani, yeye na ng'ombe wake? Hata viongozi wa chama chake hawakuwa na habari. Mzee alikuwa amemwekea kauzibe tu, asiupate uwanja, basi.

Lakini njia nzima ya kupanda mlima, moyo ulimsuta. Mwaka juzi Aminieli alimfanyia bintiye sherehe ya kipaimara, akasimama mbele ya wageni kutoa shukrani alizozifanyia mazoezi wiki nzima. Aikande akapita barabarani na gari la matangazo la chama, na badala ya kunyamaza, akaongeza sauti. Shukrani zile hakuna aliyezisikia. Tangu siku hiyo shemeji huitikia salamu zake kwa kukohoa.

Angeweza kurudi mjini kulalamika. Ila mkutano huu aliutaka kuliko yote. Kule Rau alikwisha kuhutubia, na kule Shirimatunda pia, lakini nyumbani, ambako wengi walimjua kama mke wa Kornel tu, hajawahi. Basi akakata jani la isale mpakani mwa shamba, akalipiga fundo, akaenda kwa shemeji yake.

"Shikamoo, shemeji."

Aminieli akakohoa. Kisha akaliona lile jani. Mchagga akiletewa isale hana ujanja, lazima asamehe, apende asipende.

"Siku ile nilikosa adabu," Aikande alisema. "Nisamehe."

Mzee akalipokea jani.

"Umeniweza, mke wa Kornel. Kesho nitaenda kuifuta barua yangu. Ila mkutanoni nitakuja, tena na shati la chama changu!"

"Karibu sana, shemeji."

Na kweli alikuja, akakaa mstari wa mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Aikande hakuwa hata amefika katikati ya hotuba yake wakati mzee aliponyoosha mkono. Maji ya mfereji yatarudi lini? Aikande akajibu. Aminieli akatikisa kichwa, akauliza la bei ya kahawa. Akajibiwa, akabisha. Watu walicheka, wakashangilia, wakaegemea upande huu na ule, na Aikande akaiweka hotuba yake kwenye mkoba, amefurahi kuliko alivyowahi kufurahi jukwaani.

Jua lilipozama, askari aliyeletwa kulinda amani alisogea mbele akaonyesha saa yake. Muda wa kibali umekwisha, watu watawanyike.

Aminieli aliruka kutoka kitini.

"Utawanyike mwenyewe, afande!" alisema. "Tuongezee muda. Huyu shemeji yangu bado hajanijibu."